Mungu gani huyo ananyonya? Mama Mkunga anajibu maswali yenu ya Krismasi

Wapenzi wasomaji, meseji zenu za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko nafasi niliyonayo, nimechukua tano tu, wengine mnisamehe nitawajibu Januari. Kwa walioanza kusoma juzi, mimi nilikuwa mkunga miaka 31 kabla sijastaafu, na ukatekista naendelea nao mpaka leo kigangoni kwetu, kwahiyo nikiongea habari ya Betlehemu naongea kama mtu aliyepokea watoto kwa mikono hii, sina namna nyingine ya kuisoma ile habari.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nauza duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, wenzangu wengi ni Waislamu na tunaishi vizuri tu, Idi nakula kwao, Krismasi wanakula kwangu. Sasa wiki iliyopita mmoja wao, wala hakuwa na ubaya, akaniuliza hivi nyie Mungu wenu alizaliwa, akanyonya, akabadilishwa nepi? Na wakati ananyonya dunia ilikuwa inaongozwa na nani? Nikabaki nimekodoa macho. Nimebatizwa toka mdogo na sina jibu. Nisaidie mama.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usione aibu, hilo ndo swali lenyewe la Krismasi na mwenzako kaliuliza vizuri kuliko wengi wetu tunaojaza makanisa usiku wa tarehe 24. Sisi tumezoea. Ukitutajia mtoto kwenye hori tunaona taa za rangi na sufuria la pilau, hatushtuki tena. Yeye kashtuka, na mtu asiyeshtuka hapo bado hajasikia tunachosema.

Mwambie ndio, alinyonya. Usilainishe. Ngoja nikwambie mtoto mchanga ni kitu gani, maana vijana wengi mnawaona wakishaogeshwa na kuvalishwa kofia. Mtoto anatoka ameteleza, amepakaa utando mweupe mzito kama samli iliyoganda, kitovu bado kinadunda, unamkausha haraka kwasababu baridi inaweza kumuua, unamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na akitulia kidogo anaanza kugeuza kichwa huku na huku mdomo wazi anatafuta ziwa, hajafundishwa na mtu. Ile dang'a ya njano ndo chakula chake cha kwanza duniani. Utosini pana pale palaini panapodunda, unaona kabisa maisha yanavyogonga chini ya ngozi nyembamba. Na macho yake siku hiyo hayaoni mbali, yanaona vizuri kama sentimita 20 mpaka 30 hivi, yaani kutoka kwenye ziwa mpaka kwenye uso wa mama, baada ya hapo ni ukungu mtupu.

Sasa chukua hayo yote uyaweke pale Betlehemu. Yule tunayemwomba kwasababu anaona kila kitu, kwa macho yale ya mwili aliyoyatwaa, usiku ule alikuwa anaona uso wa Maria na basi. Nimelifikiria hilo miaka mingi usiku wa zamu wodi ikiwa imetulia, na mpaka leo likinijia naacha ninachofanya.

Upande wa pili wa swali, dunia iliongozwa na nani. Hapa ndo watu wanapotelea. Sisi hatusemi Mungu aliacha kuwa Mungu akageuka mtoto kama maji yanavyogeuka barafu, mbinguni pakabaki patupu kama ofisi ambayo bosi kasafiri. Hapana. Tunasema Neno, yaani Mwana wa Mungu, ambaye ni Mungu tangu milele, alijitwalia ubinadamu wetu bila kupoteza umungu wake. Athanasi wa Aleksandria, aliyekwenda mtaguso wa Nisea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, akiwa shemasi tu kabla hajawa askofu, aliandika kwamba Neno hakufungiwa ndani ya ule mwili, alikuwa katika mwili na wakati huohuo ndiye anayevishika vitu vyote. Kwahiyo mjibu mwenzako kwamba aliyekuwa ananyonya ndiye aliyekuwa anaiongoza dunia. Najua ni zito. Hatujawahi kusema ni jepesi, ndo maana tunaliita Fumbo la Umwilisho.

Na huko Nisea ugomvi wenyewe ulikuwa huuhuu mwanangu, tena ndani ya kanisa. Padri mmoja wa Aleksandria anaitwa Ario alikuwa anafundisha kwamba Mwana ni mkubwa kweli, wa kwanza kuliko viumbe vyote, lakini kiumbe, na kwamba kulikuwa na wakati hakuwepo. Ukiangalia ilikuwa ni njia ya kumlinda Mungu asiguswe na damu na maziwa. Maaskofu wakakataa, na kukataa kwao ndo kule tunakokariri kila Jumapili kwenye Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, bila kusikia: Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa. Halafu mwaka 451, kwenye mtaguso mwingine kule Kalsedoni, wakaongeza upande wa pili, kwamba yeye ni mmoja, Mungu kamili na mtu kamili, viwili hivyo havichanganyiki wala havitengani. Kwanini waliung'ang'ania hivyo? Kwasababu kama aliyelala pale ni malaika mkubwa au mtume mtukufu, basi Mungu mwenyewe bado yuko mbali, katuma mtu. Krismasi inasema hakutuma mtu.

Huyo mwenzako anamheshimu Maryam, kwenye Kurani ipo sura ya 19 yenye jina lake, inayosimulia uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende, na wao pia wanakiri kwamba alimzaa Isa bila kuguswa na mwanaume. Kaeni mzungumze hapo mnapokutana, halafu pale mnapoachana mwambie wazi mnaachana, bila ugomvi, mwambie sisi tunaamini yule mtoto ni Mungu na yeye haamini hivyo. Urafiki wa kweli unabeba tofauti hiyo. Na pilau la tarehe 25 mpelekee kama kawaida.

SWALI: Mama habari, kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp la familia kila Desemba anatuma kwamba Krismasi ni upagani, tarehe 25 ilikuwa sikukuu ya mungu jua wa Warumi na Biblia haina hiyo tarehe. Mwaka huu kanitia wasiwasi kweli. Ni kweli?

JIBU: Biblia haina tarehe, hilo kasema kweli. Na ni kweli pia kaizari Aurelian alijenga hekalu la jua Roma mwaka 274. Hati ya zamani inayotuonyesha Wakristo wa Roma wakiiweka siku ya kuzaliwa Kristo tarehe 25 Desemba ni kalenda ya mwaka 354, kwahiyo wapo wanaosema kanisa liliichukua siku ya jua likaipa maana yake. Wengine wanasema hapana, Wakristo walihesabu kutoka 25 Machi, siku waliyoamini malaika alimpasha Maria habari, ukihesabu miezi tisa unaangukia Desemba 25. Wasomi bado wanavutana na sisi hatuwezi kuwamalizia.

Ila angalia, Waethiopia na Wakopti wanaadhimisha tarehe 7 Januari kwa kalenda yetu, Kanisa la Armenia tarehe 6, na hakuna kati yetu anayedhani mwenzake kamkosa Yesu kwasababu ya siku. Mimi nimepokea watoto wengi ambao mama hakujua alizaliwa lini yeye mwenyewe, kwenye kadi tunaandika mwaka wa kukadiria, na hakuna aliyewahi kusema basi hakuzaliwa. Imani yetu ni kwamba alizaliwa. Huyo ndugu mwambie hivyo kwa upole na msijibizane kwenye grupu, wazee wanasoma.

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, kaniuliza kama Yesu alilia alipozaliwa. Nikamwambia hapana yeye ni Mungu. Nimejibu vizuri?

JIBU: Mama mwenzangu, rudi kamwambie alilia. Wodini mtoto asipolia ndo tunakimbia. Kile kilio kinafungua mapafu, ni pumzi ya kwanza, na alikuwa na mapafu kama ya kwako. Kuna nyimbo za Noeli zinamwimba kama katoto kanakotulia tu muda wote, ni nzuri kuimba lakini ukizichukua kama habari utajikuta unamfundisha mtoto Yesu wa plastiki. Kwenye Yohana 11 alilia wakati anapelekwa kaburini kwa Lazaro akiwa mtu mzima, sasa aje ashindwe kulia akiwa na dakika moja? Na huyo mwanao atampenda zaidi akijua alilia, watoto wako hivyo.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Marangu natafuta maisha hapa Dar, huu mwaka wa pili siendi nyumbani Krismasi. Unajua Wachaga, Desemba kila mtu anapanda basi, barabara nzima ya Moshi imejaa, na mimi nauli tu ya kwenda sina achilia mbali sukari na nguo za wazee, naona aibu kwenda mikono mitupu. Mama anapiga simu naiacha inaita. Sijisikii hata kwenda kanisani. Naomba neno.

JIBU: Marahaba baba. Nimesoma hapo "naiacha inaita" nikasimama. Tutarudi hapo.

Wewe unatoka Marangu basi nitakwambia kitu ambacho wewe utakielewa haraka kuliko msomaji wa Ulaya. Luka 2:7 inasema alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe kwasababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Wengi tunaona gesti imejaa, mwenye gesti mkali anawafukuza. Lakini lile neno la Kigiriki alilotumia Luka hapo, kataluma, analitumia tena kwenye 22:11 kwa kile chumba ambacho Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake, na anapotaka kusema gesti ya kulipia, ile ya Msamaria Mwema kwenye sura ya 10, anatumia neno lingine kabisa. Kwahiyo wapo wataalamu wengi wanaosema pale ilikuwa ni nyumba ya watu, chumba cha wageni kimejaa ndugu waliorudi kwao kuhesabiwa, kama nyie Wachaga mnavyorudi Desemba, wakawekwa kule kunakolala mifugo, maana nyumba za watu wa kawaida kule zilikuwa na sehemu ya wanyama humohumo ndani usiku.

Sasa kamuulize babu yako nyumba ya zamani ya Kichaga ilikuwaje. Ng'ombe analala humohumo, unasikia anavyocheua, joto lake linapasha nyumba usiku wa baridi ya mlimani, na pale mbele yake amewekewa majani ya mgomba. Unaijua harufu hiyo. Basi pale kwenye hayo majani ndipo walipomlaza. Msalaba bado uko mbali, na Mungu ameshashuka mpaka kwenye majani ya ng'ombe wa mtu.

Na umesema mikono mitupu. Siku arobaini baadae wanampeleka hekaluni, sheria ya Walawi 12 inataka mwanakondoo mmoja na ndege mmoja, ila imeweka mlango kwa mama asiye na uwezo, alete ndege wawili. Luka anaandika kwamba wazazi wa Yesu walitoa ndege, na mwanakondoo hamtaji. Ile familia ilikwenda kwenye nyumba ya Mungu na sadaka ya watu wasio na hela, mbele ya watu wote, na mikononi wamembeba yeye. Kwahiyo mwanangu usiniambie huwezi kuingia kanisani kwasababu ya mfuko.

Kuna kitu kingine kwenye Biblia yetu ya Kiswahili nakipenda sana. Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu". Kwa Kigiriki ni kama kusema alipiga hema katikati yetu. Lakini wewe sikia Kiswahili chake: kwetu. Ukiwa Kariakoo mtu akakuuliza kwenu wapi unasema kwetu Marangu, na unaposema hivyo unamaanisha migomba, makaburi ya babu zako, sauti ya mama yako jikoni asubuhi. Hilo ndo neno waliloliweka pale. Angesema alitutembelea ingetosha kuwa habari njema, lakini kasema akakaa kwetu, na sasa kwetu kwako ni chumba kimoja Dar na godoro chini, basi ni hapohapo.

Mama yako umpigie leo, usingoje tarehe 24. Mwambie mama sina hela, sikuja kwasababu hiyo. Nimelea, najua, mama hapigi simu kuulizia sukari. Na usiku wa mkesha tafuta kanisa la karibu ukasimame na watu. Tukifika pale kwenye Nasadiki tunaposema akapata mwili, siku zote huwa tunainama tu, lakini Krismasi tunapiga magoti, na tarehe 25 Machi pia. Ukipiga magoti pale chini na wageni usiowajua, watu wenu wa Marangu nao watakuwa chini kwa maneno hayohayo.

SWALI: Mama, Aprili nilijifungua mtoto wa kike, akaishi siku mbili. Tangu Majilio yameanza siwezi kuingia kanisani nikaangalia lile pango na kale katoto. Wenzangu wa jumuiya wananiambia nifurahi, Krismasi ni furaha, nisimkufuru Mungu. Je, ni dhambi nikibaki nyumbani?

JIBU: Pole sana mwanangu. Pole sana.

Sio dhambi. Nimeanza na hilo ili usisome mengine ukiwa unatetemeka.

Mimi wale nao niliwapokea. Miaka 31 ni watoto wengi, na sio wote waliondoka wodini wakiwa hai, na wale unawaosha vilevile, unawafunga kwenye khanga ileile aliyokuja nayo mama yao kwenye begi, ile mpya aliyoitunza. Mikono inafanya kazi ileile. Nilikuwa nikimaliza nakaa kwenye kiti cha chumba cha kubadilishia nguo nisiweze kunyanyuka, na sikuwahi kumwambia mama yeyote afurahi.

Hao wenzako wanakupenda naamini, ila wamesoma nusu ya habari. Mathayo kwenye sura ya pili, mamajusi hawajafika mbali, anaweka askari wa Herode wanaua watoto wa kiume wa Betlehemu wa miaka miwili kushuka chini. Na anamleta mama mmoja kutoka kwa nabii Yeremia: "Raheli akiwalilia watoto wake, asikubali kufarijiwa, kwa kuwa hawako." Soma tena hapo. Asikubali kufarijiwa. Yupo ndani ya Injili ya Krismasi kabisa, analia, na Mathayo hamkemei, hamwambii anakufuru, hamwekei aya ya kumtuliza chini yake. Kamwacha alie. Na kanisa likaiweka kumbukumbu ya wale watoto tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Noeli, taa bado zinawaka, pango bado lipo. Waliopanga kalenda hiyo walijua kwamba kwenye kanisa lolote Desemba yupo mama kama wewe.

Na yule katoto wa pangoni unayeogopa kumwangalia, sikwambii umwangalie. Ila nikwambie kitu kimoja ninachokiona mimi kama mkunga. Luka anasema Maria akamzaa, akamvika nguo za kitoto, akamlaza. Vitendo vyote vitatu ni vyake, hakuna mwanamke mwingine anayetajwa pale. Na huyohuyo Maria Yohana anamtaja tena amesimama msalabani, na jioni hiyo Luka anasema ule mwili ukazungushiwa sanda ya kitani. Anaijua nguo ya kwanza na anaijua ya mwisho. Mungu alipotwaa mwili alitwaa mwili unaoweza kufa, na alipojipa mama, huyo mama akawa mtu anayeweza kufiwa na mwanae. Sijui kama leo hili linakusaidia, labda halikusaidii, liache hapo.

Tarehe 25 kaa nyumbani kama huwezi. Mwambie mumeo au dada yako akae na wewe, msiwe na watu wengi. Kama parokia yenu ina misa ya asubuhi tarehe 28, nenda hiyo. Watu wanakuwa wachache na hakuna shangwe, kaa viti vya nyuma, na wakisoma ile ya Raheli utaisikia.

Hukuniandikia jina la mtoto. Kama mlimpa, nitumie kwa namba hiihii, nitaliandika kwenye karatasi ya nia za misa ya siku hiyo huku kwetu.